Kimya cha Sekunde Kumi na Mbili

Kila mtu anayeingia kwenye chumba changu cha kurekodia huwa namwomba jambo moja kabla hajaondoka. Namwambia akae palepale kitini, asiguse karatasi, asikohoe, abane pumzi kama anaweza, nami nirekodi nusu dakika ya kimya. Wengi hucheka. Huniuliza kimya kina kazi gani. Nawaeleza kwamba hakuna chumba kisicho na sauti yake. Taa ina mvumo, ukuta una mvumo, hata mwili wa mtu aliyeketi hubadilisha namna chumba kinavyosikika. Ukikata maneno mawili ukayaunganisha bila kutia kimya hicho katikati, sikio la msikilizaji hushtuka kama mguu uliokosa ngazi. Ndiyo maana nachukua kimya cha chumba, mtu akiwa ndani yake, na kukitumia kuzibia mapengo.

Sikufundishwa kazi hii na mtu. Nilianza kwa kufungua redio mbovu, nikaingia kwenye kurekodi matangazo ya maduka, na mengi niliyonayo niliyapata kwa kukosea. Labda ndiyo sababu situpi kitu. Hata vipande ninavyokata kwenye sauti ya mtu, vikohozi, midomo inayogusana, maneno yaliyoanzwa yakaachwa, naviweka kwenye folda moja niliyoiita Mabaki, kila siku na tarehe yake.

Mwaka ule kampuni moja ilikuwa inaleta mashine mpya ya michezo ya video ya nyumbani, iitwayo Duara. Mashine yenyewe ilikuwa ya mviringo, ukubwa wa sahani ya kulia chakula, na pete ya taa ikiizunguka na padi za kushika mkononi za kuichezea. Jambo walilojivunia kuliko yote ni kwamba ingezungumza Kiswahili. Haikuwa maandishi tu kwenye skrini, bali sauti ya mtu, ili hata asiyejua kusoma aweze kucheza. Meneja wa uzinduzi, mama mmoja mwenye haraka ambaye sikuwahi kumwona amekaa, alishawasikiliza wasomaji watatu akawakataa wote. Mmoja, alisema, alisoma kama anatangaza msiba. Ndipo nikamtajia Kasuku.

Kasuku alikuwa mwalimu wa chekechea. Niliwahi kurekodi nyimbo za watoto wake, nikasikia namna alivyowanyamazisha watoto thelathini bila kupaza sauti. Jina hilo alipewa na mama yake akiwa na miaka miwili, kwa sababu alianza kusema hakuacha, na kila mtu akalichukua, hata walimu wenzake. Meneja alimsikiliza kwa dakika moja, akasema, huyu huyu.

Orodha ya sentensi ilikuwa na mistari elfu moja mia nne na kumi na miwili. Karibu tena, tuliishia hapa. Mchezaji wa pili, shika padi yako. Betri ya padi inakaribia kuisha. Kulikuwa na mstari uliosema tu, Umeshindwa. Kasuku alikataa kuusoma. Alisema hawezi kumwambia mtoto neno hilo akamwacha nalo sebuleni peke yake. Akabadilisha ikawa, Umeshindwa, lakini kidogo tu. Meneja aliposikia aliandika kwenye daftari lake kwamba ibaki hivyo.

Tulifanya kazi wiki sita. Studio yangu iko ghorofa ya tatu, na lifti ya jengo lile ilishageuzwa stoo ya mafagio. Kasuku alikuwa akifika, anakaa kidogo, anacheka, anaanza. Jioni, akishaondoka, nilikaa mbele ya kompyuta kusafisha. Sauti ya mtu kwenye skrini ni kama vilima. Maneno ni vilima virefu, na pumzi ni vichuguu vidogo kabla ya kilima. Pumzi haitakiwi kwenye mashine. Nilikuwa nazikata moja moja, natia kimya mahali pake, na pumzi yenyewe naipeleka kwenye Mabaki.

Wiki ya kwanza nilikata pumzi arobaini hivi kwa siku. Wiki ya nne ziligonga mia. Wiki ya sita zilipita mia mbili. Sentensi aliyokuwa anaisoma kwa pumzi moja alianza kuisoma kwa mbili, halafu kwa tatu. Niliona. Siwezi kusema sikuona, maana nilizihesabu. Nilisema moyoni kwamba ni ngazi. Nikamsogezea kiti karibu na mlango ili akifika akae mara moja, nikamwambia, "Dada, pumzika kwanza."

"Kaka Fundi," akanijibu, "kasuku hachoki. Wanaochoka ni wanaomsikiliza."

Siku ya mwisho nilimwomba kimya changu. Mara ya kwanza alibana pumzi sekunde tano, akaachia. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alikaza macho, akashika kiti kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye gari linalokimbia, akafika sekunde kumi na mbili, kisha pumzi ikamtoka kwa kicheko.

"Unaona? Kunyamaza siwezi. Nimezaliwa bila kitufe cha kuzimia."

Nilicheka naye. Nikamwambia zinatosha. Kwa kawaida nahitaji nusu dakika, lakini sekunde kumi na mbili zinaweza kurudiwarudiwa kama mtu akiunganisha vizuri. Mwishoni mwake kulikuwa na mwanzo wa ile pumzi. Niliikata katikati, nikalainisha kiungo, nikakisikiliza kwenye spika nikaona hakisikiki. Kimya hicho ndicho nilichozibia mapengo yote, na hicho hicho, kwa maelekezo ya mafundi wa kampuni, niliwapa kama sauti ya Duara ikiwa imelala. Hawakutaka mashine yao iwe kama kitu kilichokufa kati ya mchezo na mchezo. Walitaka iwe na uhai mdogo, mvumo ambao hausikiki ila ukikosekana unajua.

Siku kumi na tisa baadaye Kasuku alifariki. Mama yake, muuguzi mstaafu aliyekuwa akiishi naye, alitoka asubuhi kwenda posta, foleni ikawa ndefu, na aliporudi saa sita alimkuta kitandani, kitabu kikiwa kimelala kifuani. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka muda mrefu. Nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma. Watu walikuwa wanaulizana ilikuwaje mtu mzima wa afya aondoke hivi bila dalili hata moja. Sikufungua mdomo.

Meneja alimwendea mama kumuuliza kama sauti itumike au itafutwe nyingine. Mama akasema itumike.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa duka kubwa, wiki tano baada ya mazishi. Watu walijipanga hadi nje. Meneja alisimama jukwaani akaeleza kila kitu kwa kasi yake: kwamba Duara haihitaji diski, kwamba inaunganishwa na televisheni yoyote hata ya zamani, kwamba wachezaji wanne wanaweza kucheza pamoja na pete ya taa ikampa kila mmoja rangi yake, kwamba padi inatetemeka mkononi kwa namna tofauti ukikanyaga mchanga na ukikanyaga maji. Ina betri yake ndani, kwa hiyo unaweza kuibeba kutoka sebuleni hadi chumbani bila kuizima. Ukiiacha, inalala, haisahau ulipoishia. Tena ina masikio: nyumba ikiwa na kelele inapunguza sauti zake ndogo zisizo na maana, na nyumba ikitulia inazipandisha, ili isikike sawasawa popote.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka, kwa sababu wakati huo huo waliwasha spika za ukumbi na Kasuku akasema juu ya vichwa vya watu mia nne, "Karibu. Nilikuwa nakungoja."

Watu walipiga makofi. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya maboksi matupu. Mbele jukwaani Meneja alikuwa anamkabidhi mama Duara moja, zawadi ya kampuni. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiangalia ile pete ya taa.

Malalamiko ya kwanza yalifika baada ya siku nane. Fundi cherehani mmoja anayeshonea nyumbani alipiga simu akasema watoto wakienda shule, akizima cherehani ili akate kitambaa, anasikia kitu kinapumua kwenye kabati la televisheni. Siku ya pili akapiga kinyozi mmoja. Kisha mwalimu. Wote walisema lile lile: hasa mchana, nyumba ikiwa tupu. Baada ya wiki mbili kulikuwa na simu sitini na mtu mmoja aliyeirudisha mashine dukani ikiwa imefungwa kwa kamba. Meneja alinipigia. Aliniuliza kama nilichowapa ni kimya au siyo kimya. Nikamwambia nitasikiliza.

Niliweka Duara juu ya meza, nikafunga mlango, nikakaa bila kujisogeza. Kwa dakika mbili hapakuwa na kitu. Kisha mashine ikaona chumba kimetulia, ikaanza kupandisha mvumo wake kidogo kidogo, na ndani ya mvumo, kila baada ya sekunde kumi na mbili, mtu alivuta pumzi. Ilikuwa nusu pumzi tu, ile niliyoikata katikati. Inaanza, haimaliziki.

Nilimpigia Meneja nikamweleza kosa langu lote. Hakugomba. Alisema, "Fundi, watu walinunua gemu. Mzimu hawakununua." Akanipa hadi Ijumaa. Saa saba mchana siku hiyo kampuni ingetuma mabadiliko kwa mashine zote kwa pamoja kupitia mtandao, na kimya kipya kiwe ndani yake.

Kutengeneza kimya kipya hakukuwa rahisi nilivyodhani. Nilirekodi chumba kikiwa kitupu. Nilipokiweka kati ya sentensi za Kasuku kikasikika kama shimo. Anaongea, anatoweka, anaongea, anatoweka. Nikakaa mimi mwenyewe kwenye kiti, nikaanzisha mtambo wa kurekodia kwa mbali, nikabana pumzi. Moyo wangu ulikuwa unapiga hadi ukaonekana kwenye skrini. Nilirudia mara nyingi. Ijumaa saa nne asubuhi bado sikuwa na kitu cha kutuma.

Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa mama yake Kasuku. Alikuwa amebeba kikapu kwa mikono miwili mbele ya kifua, na kupitia kitambaa kilichokifunika niliona mwanga wa duara.

Hakunisalimia kwanza, na yeye ni mtu wa salamu. Alisema, "Mwanangu, una soketi? Betri imebaki kidogo."

Nilimwonyesha. Alipiga magoti mwenyewe, akachomeka waya, akasubiri mpaka pete ya taa ilipokolea. Kisha akakaa kwenye kile kiti karibu na mlango. Alikuwa amekonda. Nilimpa maji, akayashika bila kunywa, na baada ya kutulia akanisalimia vizuri, akauliza hali yangu na ya nyumbani kwangu, nami nikajibu na kuuliza yake.

Alinieleza taratibu. Kwamba mashine aliiwasha siku ile ile ya uzinduzi ili asikie sauti, akaisikia mara moja, akaiacha ilale. Kwamba siku iliyofuata, saa tano asubuhi, akiwa anakunja nguo, alisikia pumzi. Hakuogopa. Alijua ni ya nani, kama unavyojua hatua za mtu wako ngazini. Alichukua saa yake, ile ya kubandika kifuani aliyoitumia hospitali miaka thelathini na moja, akahesabu.

"Tano kwa dakika," alisema. "Nikahesabu tena. Tano. Unajua maana yake?"

Nikasema sijui.

"Mtu mzima mwenye afya ni kumi na nne, kumi na sita. Mgonjwa hupanda. Halafu akikaribia kuondoka hushuka. Nimekaa na watu wengi wakiondoka, mwanangu. Ikifika tano, huwa hatutoki tena chumbani."

Alisema hakutoka. Jirani alikuwa anamletea mahitaji. Wiki tatu alikuwa amekaa mbele ya ile mashine na saa yake, akihesabu, akingoja ifike nne. Mara ya kwanza alikuwa posta. Safari hii hakuna foleni ingemkuta nje.

Nikauliza ni nini kimemleta leo.

Akasogeza kitambaa, akabonyeza pete ya taa kidogo, na Kasuku akasema kutoka ndani ya kikapu, kwa ile sauti yake ya asubuhi, "Leo saa saba mchana nitabadilishwa kidogo. Tafadhali usinizime."

Ulikuwa mstari wa tisini na tatu. Nakumbuka aliusoma kwa mara moja tu, bila kukosea.

"Ameanza kuyasema haya tangu asubuhi," mama alisema. "Nimekuja uniambie mambo mawili. Hizi pumzi ulizirekodi lini? Na hiyo saa saba, ni nini kitatokea?"

Nilimjibu la kwanza, kwa sababu nililijua. Nilimwambia hakuna pumzi nyingi pale. Kuna moja, tena nusu yake, na mashine inairudia kila sekunde kumi na mbili. Ndiyo maana ni tano. Itakuwa tano kesho, na mwakani. Haitafika nne. Nikamwambia niliirekodi siku ya mwisho ya kazi, akiwa amekaa kwenye kiti kile pale ndani, akicheka.

Aligeuka akakitazama kiti kupitia kioo.

"Moja tu," alisema.

"Moja tu, Mama."

Niliona mabega yake yakishuka, na sikujua kama kilichomtoka ni mzigo au ni mtu. Alikunywa maji yote. Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa nimelikimbia kwa miezi.

"Na zile nyingine? Mtu hawezi kusoma maneno yote hayo bila kuvuta pumzi. Zilikwenda wapi?"

Kilikuwepo cha kujibu. Ningesema zimefutwa, na hakuna mtu duniani angejua. Mashine ingebadilishwa saa saba, mama angerudi nyumbani na jibu lake, na mimi ningebaki na folda yangu. Hata maneno nilikwisha kuyapanga mdomoni. Nadhani kilichonizuia ni ile saa kifuani pake. Mtu amehesabu pumzi moja wiki tatu kwa sababu nilimficha maelfu.

"Zipo," nikamwambia. "Zote. Na tarehe zake."

Nilimkalisha mbele ya kompyuta, nikamvisha spika za masikioni, nikafungua Mabaki. Sehemu ndefu ndizo nilizomchagulia, zile nilizokata Kasuku alipokuwa amenyamaza akisubiri nimpe ishara, kwa sababu hizo hazikuvurugwa na maneno. Mama aliifungua saa yake kifuani, akaiweka mezani, akaniambia kwa sauti ya kazini, anza na ya kwanza.

Alisikiliza macho yakiwa kwenye mshale wa sekunde. Wiki ya kwanza, kumi na sita. Akaomba kalamu. Wiki ya pili, kumi na saba. Wiki ya tatu, kumi na nane. Jumatatu ya wiki ya nne, kumi na tisa. Jumatano ya wiki hiyo hiyo, ishirini na nne. Akaomba nirudie Jumatano. Nikarudia. Akaandika tena ishirini na nne, akapigia mstari. Wiki ya sita, ishirini na nane. Alisikiliza zote bila kutoa chozi, midomo yake ikihesabu. Alipomaliza alivua spika za masikioni, akazishika mapajani.

"Ulisikia," alisema. Hakikuwa kilio wala swali.

"Nilisikia, Mama. Nilidhani ni ngazi."

"Hukumwambia mtu."

"Sikumwambia mtu."

Aliniangalia kwa muda. Nilingoja. Nilikuwa tayari kwa lolote, na kusema kweli nilikuwa nalitamani. Lakini yeye aligeukia karatasi yake, akaweka kidole kwenye ile Jumatano.

"Usiku wa Jumanne, kabla ya Jumatano hii, aliniomba mito," alisema. "Alikuwa na mmoja. Akaomba miwili zaidi, akasema anataka kusoma amekaa. Tangu siku hiyo alilala ameegemea. Mwenye moyo mbovu hawezi kulala chali, anahisi anazama. Hilo tunafundishwa mwaka wa kwanza. Nimewauliza wagonjwa elfu, unalalia mito mingapi. Mwanangu mwenyewe nilimpelekea mito miwili kwa mikono yangu, nikamwambia asikeshe na vitabu." Akaondoa kidole. "Wewe ulikuwa na ngazi. Mimi nilikuwa na vitabu."

Tulikaa hivyo. Kwenye kikapu chini, mashine ilikuwa imeona chumba kimetulia. Ikaanza kupandisha sauti. Sote wawili tuliisikia ikianza ile pumzi, haimalizi, ikianza, haimalizi. Nilitaka kuinuka niizime. Mama alinizuia kwa kiganja.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Nilimweleza la pili: kwamba saa saba mashine zote zitapokea kimya kipya na pumzi hii itaondoka, isipokuwa mtu akikata mtandao. Nikamwambia yake naweza kuikatia sasa hivi, ibaki ilivyo. Ila kimya chenyewe bado sina. Nikamwonyesha nilivyohangaika, chumba kitupu kinavyosikika kama shimo, mimi nisivyoweza kutulia.

Aliuliza kinachotakiwa ni nini hasa. Nikasema ni mtu akae kwenye kiti kile, asisogee, abane pumzi nusu dakika.

"Nusu dakika tu?" Kwa mara ya kwanza niliona kitu kama tabasamu. "Nimeshika mikono ya watu kwenye sindano miaka yote hiyo. Nisogeze nini?"

Aliingia ndani. Alikaa kwenye kiti alichokaa mwanawe, akaweka mikono kwenye sehemu zilezile, nadhani bila kujua. Nilifunga mlango mzito, nikarudi kwenye mitambo yangu, nikamwinulia kidole. Akavuta pumzi moja, akaishika. Kwenye skrini mstari ulilala. Sekunde kumi. Kumi na mbili. Nilijikuta nami nimebana yangu. Ishirini. Alikuwa ananitazama kupitia kioo bila kupepesa. Thelathini. Nilishusha kidole, lakini hakuachia. Aliendelea mpaka arobaini na moja, kisha akatoa pumzi polepole, kama mtu anayelaza kitu kitandani.

Niliuweka mvumo ule kati ya sentensi za Kasuku. Haukuwa na shimo. Kasuku alisema, karibu tena, kikafuata kimya cha mama yake, akasema, tuliishia hapa. Nilikipeleka kwa Meneja saa sita na robo. Alijibu kwa neno moja.

Mama hakuondoka. Nilimuuliza kuhusu mashine yake, niikate mtandao au niiache. Alikivuta kikapu hadi miguuni pake, akakunja kile kitambaa mara nne, akakiweka pembeni. Alichukua saa yake tena. Kuanzia saa saba kasoro tano alihesabu, na mimi nikihesabu naye. Tano. Tano. Tano. Tano.

Saa saba pete ya taa ikawa nyeupe. "Niko tayari," Kasuku akasema. "Niendelee?"

Kulikuwa na kitufe cha ndiyo na cha hapana kwenye ukingo wa mashine. Mkono wangu ulikuwa karibu, nikaurudisha. Mama aliinama.

"Endelea, mama yangu," alisema, akabonyeza. "Nipo hapa."

Taa ilizunguka kwa dakika mbili hivi, ikatulia kwenye rangi yake ya kulala. Tulingoja mashine ipandishe mvumo. Ikapandisha. Sekunde kumi na mbili zikapita, zikapita nyingine, na nyingine. Mama aliangalia mshale mpaka dakika nzima ikaisha, kisha akaandika kwenye karatasi yake, chini ya ishirini na nane, saa na dakika. Hakuandika idadi.

Nilimuuliza kama nimnakilie ile folda. Alifikiri. Akasema ibaki kwangu kwanza, atakuja kuisikiliza siku atakayoziweza ngazi. Mashine alirudi nayo, imelala, kikapuni. Nilimshikia kikapu hadi chini, na kila ghorofa tulisimama, na kila tuliposimama nilimsikia akipumua, nikahesabu. Kumi na nane. Nikamwambia. Akasema anajua, ni ngazi. Halafu akaniangalia, akaniambia kwamba hata hivyo atakwenda kupimwa Jumatatu, nami nimsindikize.

Nilimsindikiza.

Simu za malalamiko zilikoma wiki ile ile. Fundi cherehani alipiga kushukuru, ingawa alisema siku mbili za mwanzo nyumba ilikuwa kama imepungukiwa na mtu. Duara zimeuzwa nyingi tangu wakati huo. Huwa napita kwenye duka la vyombo vya umeme mchana, watu wakiwa wachache, na kama kuna moja imewashwa na imelala juu ya meza, nasimama karibu nayo kidogo. Inachukua muda, kisha inaanza kupandisha. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuliza nasikiliza nini, maana haitoi sauti. Nikamwambia nakagua tu.

Kwa kweli nasikia kila kitu. Nasikia taa yangu, ukuta wangu, na kiti. Kitini kuna mtu ambaye hajasogea, amebana pumzi, na bado hajaiachia.